Tulifanya tamasha la vitabu vya watoto la bure hapa Tanga, niwasimulie lilivyokua (uzi mrefu)

MwanaNgamiani (mleta uzi)

Wakuu habari za mda huu. Uzi huu nimeuandika vipande vipande toka jumapili usiku, simu inazima chaji naendelea kesho yake, kwa hiyo pakiwa hapajanyooka mnivumilie.

Jumamosi iliyopita sisi watu wanane wa mtaani, huku Ngamiani upande wa Makorora, tulifanya tamasha la vitabu vya watoto. Bure kabisa. Hakuna kiingilio, hakuna mtu kulazimishwa kununua, hakuna mgeni rasmi wa kusubiriwa mpaka watoto wasinzie. Mikeka, turubai, vitabu na wazazi basi.

Chanzo chake ni hiki. Mwanangu yuko darasa la tatu, anasoma vizuri tu na mwalimu wake anamsifu. Siku moja umeme umekatika nikamwambia haya mwanangu nisomee kitu. Akaenda kwenye begi akatoa daftari la sayansi. Nikamwambia hapana, nisomee hadithi. Akabaki ananiangalia. Nikainuka mwenyewe na tochi ya simu nikapekua nyumba nzima, nyumba ina tivii, ina friji, ina makochi, ina simu tatu, hakuna kitabu cha hadithi hata kimoja! Upo msahafu, vipo vitabu vya shule, ipo kalenda ya mwaka juzi. Kesho yake nikaanza kuuliza majirani, nyumba tisa nilizopita ni moja tu ndo walikua nacho, na kurasa za mwisho zilishachanwa zamani kufungia karanga. Yaani hata ungekisoma usingejua mwisho wake.

Hapo ndo nikaona watoto wetu tunawaonea tukisema hawapendi kusoma. Hujampikia mtu alafu unalalamika hali.

Basi tukakaa, dada mmoja muuza vitenge, fundi cherehani, walimu wawili, kijana wa chuo, mama lishe, mzee mmoja wa mtaa na mimi. Tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukamweleza, hakutusumbua, alichouliza ni kama tutapiga mziki usiku. Turubai na mikeka tuliazima kwa chama cha kuzikana, kwa hiyo mwanzoni watu walikua wanapita taratibu wakiuliza nani kafiwa. Maiki ya mtaa tuliiacha makusudi. Mtoto wa miaka mitano ukimsomea kwa spika anasikia kelele, kinachotakiwa asikie ni sauti ya mtu aliyekaa nae.

Mda ulitupa mjadala mrefu. Walimu walitaka asubuhi. Wenyeji mnajua, jumamosi asubuhi nusu ya watoto wa huku wako chuoni kwa maalim, ukiweka tamasha saa tatu unamgombanisha mtoto na madrasa yake na hapo utakua umekosa adabu na umekosa watoto. Tukaweka baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Jua limeshapoa, mama kamaliza kazi, baba wa sokoni anaweza akaponyoka.

Sharti lilikua moja tu, mtoto aje na mtu mzima wa nyumbani kwao. Baba, mama, bibi, shangazi, kaka, yeyote anayelala nae nyumba moja. Hili tuligombana nalo sana kwenye maandalizi maana wengine walisema tutawafukuza watoto. Hatukumfukuza mtoto yeyote, aliyekuja peke yake tulimtafutia mtu wa kukaa nae, ila tuliwatuma wakawaite watu wao na wengi walienda mbio wakarudi wamewashika mikono.

Naendelea chini.

MwanaNgamiani

Vitabu. Tulikua na 214, nimehesabu mwenyewe. Vingine tulichangishana tukaagiza Dar, na sitawaficha, kitabu kimoja chenye picha za rangi ni unga wa siku mbili kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo tusiwalaumu wazazi kirahisi rahisi. Vingine tulipewa. Na vingi, zaidi ya nusu, tulitengeneza wenyewe, kuna mradi unaitwa African Storybook wanaweka hadithi za watoto kwenye intaneti kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, unaruhusiwa kupakua na kuchapa bure bila kuomba. Kijana wa chuo akapakua, tukaenda stesheneri kupiga fotokopi, usiku tukakaa barazani kukunja na kubana pini, fundi cherehani yeye hakuamini pini akawa anashona mgongo wa kitabu kwa uzi mweupe. Hivyo vya kushonwa ndo vimebaki vizima mpaka leo.

Hatukuweka kitabu mezani. Vyote tulilaza kwenye mikeka, jalada juu, mtoto apite achague mwenyewe. Sasa kilichotokea, watoto walikuja, wakazunguka mikeka, wakasimama. Hakuna aliyeshika. Dakika zikaenda. Mpaka kabinti kamoja ka miaka saba hivi kakaniuliza kwa sauti ya chini, "Eti tunaruhusiwa kushika?" Nikamwambia shika mwanangu ni vyenu. Kakageuka kakakimbia, nikajua nimemuogopesha. Kumbe kameenda kwenye ndoo ya mama lishe kunawa mikono. Kakarudi kanajifuta kwenye gauni, kakachuchumaa, kakafungua kitabu kwa ncha za vidole kama mtu anafunua sufuria la moto. Ndo na wengine wakafuata, ikawa foleni kwenye ndoo ya maji.

Sijui shuleni tumewafanya nini hawa watoto mpaka kitabu wanakiogopa hivo.

Mwl wa Darasa la Pili

Mkuu hilo la mwisho limenigusa, na nitakujibu kwa ukweli maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa wilayani.

Shule niliyowahi kufundisha kabla ya hii tulikua na kabati la vitabu vya ziada, vya hadithi, vizuri tu. Kabati lina kufuli. Funguo anayo mtu mmoja. Kwanini? Kwa sababu kitabu kikipotea au kikichanika mwalimu ndo anaulizwa, wakati mwingine anaambiwa alipe. Kisipofunguliwa mwaka mzima hakuna anayeulizwa kitu. Sasa we ungekua mwalimu ungefanyaje? Mkaguzi anakuta vitabu vyote vipo, vinang'aa, anasaini. Nilifungua lile kabati siku nahama, mchwa walikua wameanzia chini wamefika rafu ya pili na vitabu vingine havijawahi hata kufunuliwa, kurasa zimeshikana toka kiwandani.

Toka mtaala wa KKK wa 2015 darasa la kwanza na la pili tunakazana na kusoma, kuandika na kuhesabu, na mimi nauunga mkono kabisa, mtoto anajifunza herufi, silabi, sauti. Ila mtoto akishajua ba be bi bo bu anaenda kusoma nini? Ni kama kumfundisha mtoto kuogelea mchangani. Anajua mikono inavyokwenda, maji hajayaona.

Nilichokifanya darasani kwangu, nimesamehe upotevu. Nimewaambia wazazi kwenye kikao, kitabu kikichanwa kwa kusomwa hamna kesi. Na tunagundi viraka kwa ugali wa unga wa muhogo maana gundi inaisha.

Mama Mapacha

Jamani mi naomba kuuliza, wangu wana mwaka na miezi mitatu, je nao ningewaleta wangefaidi nini au wangekula tu vitabu? 😀 Maana mume wangu kasema ni kujisumbua mtoto hajui hata kuongea.

MwanaNgamiani

Dada yangu, walikuwepo watoto wa umri huo na ndio, mmoja alikula kona ya kitabu. Hakuna neno.

Mwambie shemeji hivi, mtoto hasubiri ajue kuongea ndo umuongeleshe, ungesubiri hivo asingeongea kabisa. Kusomewa ni hivo hivo. Anasikia maneno ambayo kwenye mazungumzo ya nyumbani hayatoki. We nyumbani unamwambia njoo, kaa, kula, acha, lala. Kwenye hadithi kuna mto umefurika, kuna kobe kachelewa, kuna mfalme kakasirika. Hayo yote yanaingia. Huko Uingereza walianza 1992 mjini Birmingham mpango unaitwa Bookstart wa kuwapa familia zenye watoto wachanga vitabu vya bure, wachanga kabisa wa kubebwa, wala hawakusubiri wafike shule.

Na hata ukiwa huna kitabu, mpakate, muoneshe picha kwenye kalenda, mtajie. Huyu nani? Paka. Paka analia aje? Hayo nayo ni masomo.

Mama Mapacha

Asante mwaya. Nimemsomea baba yao hapa kaguna, ila hajakataa.

Boda wa Makorora

Mimi ni mmoja wa waliokuwepo. Sio mtu wa kuandika andika humu ila leo naandika.

Nilikua napita tu nimembeba mwanangu nampeleka kwa shangazi yake, nikaona turubai nikapunguza mwendo, mtoto akasema baba tushuke. Nikamwambia nina abiria ananisubiri. Akasema baba tushuke kidogo tu. Nikashuka. Dada wa pale akanipa kitabu akasema haya baba msomee. Wakuu mimi nimeishia la saba, sijasoma kitu kwa sauti mbele ya mtu toka nimemaliza shule, ni miaka kumi na tano sasa. Nikataka kumrudishia nikaona mtoto kashakaa mkekani kanikunjia miguu ananisubiri.

Nikasoma. Nilikua hata kofia sijavua. Mstari wa kwanza nilikwama mara mbili, jasho linanitoka, naona kama watu wote wananiangalia kumbe kila mtu yuko na mwanae. Ukurasa wa tatu ulimi ukafunguka. Kilikua kitabu cha mvuvi na pweza. Tulivyomaliza mwanangu akasema tena. Nikarudia. Akasema tena. Yule abiria alinipigia simu mara nne nikampoteza, elfu mbili ikaenda, na wala sijutii.

Toka siku hiyo kila usiku nikirudi hata saa nne namkuta hajalala ananisubiri na kile kile kitabu. Nimeshakikariri. Nauliza lini mnaleta vingine.

MwanaNgamiani

Kaka umenifanya nimeinuka nimeenda kunywa maji. Nakukumbuka, kofia nyekundu. Vingine vinakuja, nitaeleza chini.

Mzee wa Hoja

Nawapongeza kwa nia ila niseme ninachoamini. Tamasha ni siku moja. Watoto wanafurahi, picha zinapigwa, jumatatu maisha yale yale. Hizo nguvu na hizo hela mngekarabati hata chumba kimoja mkaweka maktaba ya kudumu. Pili, cha bure kinadharaulika. Mngewatoza hata jero watu wangekithamini. Mji wetu una maktaba ya mkoa toka enzi za mkoloni, mbona hamuipeleki jamii kule?

Mkutubi Mstaafu

Mzee wa Hoja shikamoo kama unanizidi, kama nakuzidi basi marahaba. Nimetumikia maktaba miaka mingi kwa hiyo nina la kusema.

Maktaba yetu ya mkoa hapa mjini ilijengwa wakati wa Mwingereza kwa kumbukumbu ya mfalme wao George wa Sita, jengo zuri hadi leo. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, ndipo ikaundwa bodi ya kusambaza maktaba nchi nzima, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru yenyewe. Siku ile ilikua na maana yake. Kisha 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wakaingia ngumbaru kwa maelfu, wakajua kusoma, na vijijini zikaanzishwa maktaba ndogo ndogo ili aliyejifunza asisahau. Nyingi ya hizo zilikufa. Vitabu viliisha, vipya havikuja, kabati likawa la kuwekea majembe.

Kwa hiyo nakubaliana nawe, maktaba ya kudumu ni muhimu. Lakini nilikaa kwenye kaunta ya maktaba nikaona kwa macho yangu nani anaingia na nani haingii. Mama wa Makorora mwenye kanga na mtoto mgongoni alikua anafika mpaka ngazini, anachungulia, anaona watu wamenyamaza, anarudi. Alidhani ni ofisi. Hakuna tulichoandika mlangoni cha kumzuia, ila hakuna pia kilichomwambia karibu. Tamasha la mtaani linamtoa huyo mama hofu. Akishazoea kitabu mkekani kwake, ngazi za maktaba atazipanda.

Na hilo la bure kudharauliwa, mimi sikuwahi kuliona kwa vitabu. Nililoliona ni mtoto mwenye jero anaingia na mdogo wake asiyekua nayo anabaki nje.

Mzee wa Hoja

Mkutubi nimekusoma. La ngazi sikulifikiria, nalikubali. Ila nabaki palepale kuhusu siku moja.

MwanaNgamiani

Mzee wangu nakubali siku moja haitoshi, ndo maana nimeshindwa kulala. Ngoja niwape kile kipande nilichokua nakitafutia maneno.

Alikuja bibi mmoja, miaka sabini na kitu, Mdigo, na wajukuu wawili. Nikampa kitabu akasema mwanangu mimi sina macho ya kusoma, niache nikae tu. Akakaa pembeni ya mkeka. Mjukuu wa kike, darasa la nne, akafungua hadithi ya sungura na fisi akawa anamsomea. Bibi anasikiliza kimya. Mara akaweka mkono juu ya ukurasa. "Hapo sio hivo. Sungura hakukimbia. Sungura alijifanya kafa." Mtoto akasema bibi mbona kitabu kimeandika alikimbia. Bibi akasema basi aliyeandika hakumalizia kusikia.

Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo sikuitegemea kwenye mwili ule, PAUKWA! Watoto wa mikeka yote mitano wakageuka. PAKAWA! Hakuna aliyewafundisha siku ile, walikua wanayo. Akaisimulia upya kwa sungura wake mwenyewe, na fisi ana sauti yake, na wimbo katikati ambao watoto walishika mara ya pili tu. Kijana wa chuo akatoa simu akarekodi.

Alivyomaliza watoto wanapiga makofi, bibi akanyoosha mkono akasema hebu kilete hicho kitabu. Akakisogeza karibu mpaka kinagusa pua, akakirudisha mbali, akatafuta mwanga. Akaweka kidole kwenye jina la juu. Su. Ngu. Ra. Akasimama hapo. Na. Fi. Si.

Nyuma yake alikua amesimama binti yake, mtu mzima wa miaka arobaini, kajishika mdomo. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama anajua kusoma? Miaka yote sijawahi kujua." Bibi alisoma ngumbaru kijijini, kabla huyu binti hajazaliwa. Alivyohamia mjini hakuna aliyempa kitu cha kusoma mpaka jumamosi ile.

Miaka yote hiyo wakuu. Kwenye nyumba yenye watoto wa shule.

Mkutubi Mstaafu

Nimeshindwa kuendelea kuandika, nitarudi.

Wa Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Huku kwetu kuna tamasha la sanaa kila mwaka pale chuo cha sanaa, TaSUBa, ngoma, maigizo, sarakasi, watoto wanajaa mpaka juu ya miti. Nimesoma huu uzi nikawaza mbona hatujawahi kuwatandikia mkeka wa vitabu pembeni. Watoto wenyewe wameshakuja, wazazi wamekuja nao, kazi ya kuita watu imeshafanywa. Nitawafuata wahusika niwaulize.

Swali, vitabu vya Kiingereza mlikuwa navyo? Huku kuna watu wanasema mtoto asomewe Kiingereza mapema.

MwanaNgamiani

Karibu sana jirani wa pwani. Tulipewa sanduku moja zima la vitabu vya Kiingereza toka nje, majalada magumu, vinavutia kweli. Tukavifungua usiku kabla. Mtoto kavaa makoti mawili anajenga mtu kwa theluji. Mtoto anaenda na babu kuchagua mti wa sikukuu, theluji tena. Tuliweka vitatu mkekani, watoto wakaangalia picha wakapita. Sisemi ni vibaya, mtoto ajue na theluji, ila kitabu cha kwanza kiwe kile kinachomfanya aseme "hapa kama kwetu". Na mzazi akisoma lugha asiyoiweza atasoma kwa woga na mtoto atausikia huo woga. Msomee Kiswahili vizuri kwanza. Isitoshe huu ndo mkoa aliozaliwa Shaaban Robert na kufia mwaka 1962, sisi tuone haya ya Kiswahili chetu?

Na vya Kiswahili vipo wakuu, tusidanganyane. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 ukasaidia hadithi nyingi za Kiswahili kuchapwa na kufika mashuleni. Tatizo havifiki majumbani.

Msambaa wa Mlalo

Mlifikiria watoto wasioona? Huku Lushoto tuna shule ya Irente ya watoto wasioona, mdogo wangu kasoma hapo, anasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi kwa macho. Likizo akirudi nyumbani hana cha kusoma kabisa.

MwanaNgamiani

Hatukufikiria ndugu yangu na inaniuma. Alikuwepo mtoto mmoja asiyeona, alikaa kwa bibi mda wote, alifurahi, lakini kitabu cha kushika mkononi hatukua nacho. Naomba niandikie faragha tuone tunapataje hata viwili vitatu kwa tamasha lijalo. Tunataka tuliweke tarehe 2 Aprili au jumamosi iliyo karibu nayo, maana hiyo ndo siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto toka 1967.

Dada wa Vitenge

Mleta uzi umesahau kona yangu! Mimi nilisimamia kona ya kutengeneza kitabu. Karatasi mbili za A4 unakunja katikati, unapata kurasa nane, unashona kwa uzi, mtoto anachora na kuandika chake. Mtoto mmoja wa kiume, miaka nane, kakaa dakika arobaini hainui kichwa. Kaandika MAMA ANAUZA MIHOGO. Ukurasa wa kwanza mama anamenya. Wa pili anakaanga. Wa tatu kaandika "mteja hajalipa". Wa nne "mama kanyamaza". Wa tano "nimekuja na tochi". Basi, kimeishia hapo, kurasa tatu kaziacha tupu. Mama mtu anauza mihogo na chachandu hapo hapo mtaani, tukamwita aache karai mtu amshikie. Akakisoma kasimama hivi hivi, mafuta mikononi, kakishika kwa kanga asikichafue. Hakusema kitu. Alimbeba yule mtoto mgongoni, mtoto wa miaka nane, wakaondoka.

Mwl wa Darasa la Pili

Huyo mtoto namfahamu, yuko shuleni kwetu. Darasani ripoti yake ya uandishi ni wastani.

Mzee wa Hoja

Sasa hizo kurasa tatu tupu nani atahakikisha zinaandikwa? Ndo maana nasema siku moja.

MwanaNgamiani

Mzee wangu umenipa pa kuingilia. Tulivyofunga kila nyumba iliondoka na kitabu kimoja cha kuazima, tumeandika kwenye kaunta buku, vitabu 83 viko mitaani sasa hivi. Wengine waliniambia hutaviona tena. Shida ikawa tutavizungushaje maana chumba hatuna.

Kuna mtu kwenye kikao akakumbusha Kenya, huduma ya maktaba ya taifa ilianza 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia upande wa Garissa, ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, wanapiga kambi watoto wanakuja kubadilisha. Sisi mtaa unaitwa Ngamiani na ngamia hatuna, lakini Tanga na baiskeli nani asiyejua? Mzee wa kamati yetu ana baiskeli ya foneksi aliyokua anabebea machungwa toka Muheza, ina tenga mbili nyuma. Tumeziosha, tumezitandika mifuko ya sandarusi mvua isiingie. Kila alhamisi alasiri inapita barabara kwa barabara, unarudisha chako unachukua kingine. Kengele yake watoto wameshaijua.

Alhamisi ya kwanza imeshapita. Vimerudi 61 kati ya 83. Kimoja kina doa la mchuzi, kimoja jalada limeshonwa upya kwa uzi wa kijani, nyumba ile haina cherehani kwa hiyo mtu kakaa kashona kwa mkono. Vilivyobaki 22 wengi waliomba waongezewe wiki.

Boda wa Makorora

Mimi ni mmoja wa hao 22, mwanangu hataki kukitoa. Nimemwambia tutachukua kingine kasema basi viwe viwili.

MwanaNgamiani

Kaka kaa nacho, tumekiandika ni chenu.

Na yule bibi, niliwaambia kijana alimrekodi. Tumeiandika ile hadithi neno kwa neno, na wimbo wake, kijana mwingine anachora. Jana tulimpelekea nakala ya kwanza ya fotokopi asahihishe. Kasoma ukurasa mmoja na nusu, kachukua karibu saa zima, mjukuu kakaa kimya pembeni hajamsaidia hata silabi moja maana bibi alimkataza. Kakuta kosa. Tumeandika fisi alikuja asubuhi. Kasema fisi hatembei asubuhi, andikeni usiku. Leo tunabadilisha.

Mzee wa Hoja, ulisema chumba. Kama unajua pa kupata hata banda lenye mlango nipigie. Kesho alhamisi baiskeli inaanzia barabara ya 14 baada ya alasiri, tairi la nyuma linapunguza upepo kwa hiyo mwenye pampu aje nayo.

Mzee wa Hoja

Pampu ninayo. Kuna stoo ya marehemu kaka yangu imefungwa miaka miwili, ina mlango na dirisha moja. Nitakuja na funguo muione.